Mdoli wa Mkono Mmoja

Usiponiamini sitakulaumu. Kabla haya hayajanikuta, mimi mwenyewe ningemsikia mtu akisimulia habari kama hii ningemwambia akalale apumzike. Lakini nilikuwepo. Niliyaona mchana, saa tisa, mvua ikinyesha juu ya bati, na sikuwa nimeonja hata tone la gongo. Nimechoka kuyasimulia kwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja akinikata kauli katikati. Ndiyo maana nayaandika mara moja.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Asubuhi moja nilifuata lori lililobeba ng'ombe ili nijue linaenda wapi, na sikurudi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda. Nimebeba mizigo mpakani Sirari, nimeendesha bodaboda, nimeokota mawe ya dhahabu Matongo, nimepiga matofali Mugumu. Nikifika mahali nauliza kila kitu: mto huu unatoka wapi, kwa nini mlango wenu unatazama huku, nani alizikwa pale. Nikishajibiwa yote, naanza kuangalia barabara.

Kazi iliyonidumu ni ya vyuma chakavu. Nina baiskeli yenye tenga nyuma, na juu ya tenga nafunga mabeseni ya plastiki. Napita kijiji kwa kijiji. Ukinipa sufuria iliyotoboka, jembe lililovunjika au betri iliyokufa, nakupa beseni. Ndani ya takataka hizo za watu ndimo nilimoanza kuipata midoli.

Hapo wengi hucheka. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, anakusanya midoli. Cheka, nimezoea. Wa kwanza alikuwa askari wa plastiki, mrefu kama kidole, aliyekuwa chini ya gunia la makopo. Nilimfuta matope nikaona mtengenezaji alimchora hadi kucha. Nikajiuliza: nani alikaa akachora kucha za mtu ambaye hatakuwa hai? Sikupata jibu, basi nikamweka. Baadaye akaja mwenye joho lililokatika, kisha roboti asiye na kichwa, kisha wale wanaotoka kwenye marobota ya mitumba mnadani, wenye vifua vipana na viuno vyembamba kama nyigu.

Nimepanga chumba kimoja Kerende, kwa mama mmoja mjane anayeitwa Mama Robhi. Ukutani nilipigilia mbao za kreti nikapata rafu tatu. Ya juu niliwaweka wanaoruka, wenye majoho. Ya kati askari na maroboti. Ya tatu, iliyo usawa wa kifua, niliweka vya hapa hapa kwetu: magari ya waya, na ng'ombe wa udongo wanaofinyangwa na watoto wanaochunga, wenye pembe ndefu na nundu. Niliwapanga ng'ombe kama wanaingia zizini. Nilitumia jioni nyingi kuwahamisha hatua moja mbele, hatua moja nyuma, mpaka jicho liridhike. Jumapili, watu wakitoka kanisani, walipita kuchungulia mlangoni.

"Wewe mura," Mama Robhi aliniambia siku moja, kama tunavyomwita kijana kwetu, amesimama na ndoo kichwani, "wenzako wananunua kitanda. Wewe unalala chini, wao wanalala juu."

"Hawalali, mama. Wanasimama."

"Ndiyo maana siingii humo. Watu wengi wanaosimama bila kusema, hao ni mkutano wa kesi."

Nilicheka. Ukweli ni kwamba rafu zile zilikuwa zimenifunga Kerende. Huwezi kuhama na watu hamsini kwenye tenga. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu cha kurudia jioni, na nilikuwa nimeanza kuchoka na barabara.

Sasa nikupeleke Nyambureti.

Ni upande wa Serengeti, ukishavuka daraja la Mto Mara na kukanyaga baiskeli mpaka mapaja yawake moto. Nilifika kwenye mji mmoja uliojitenga kidogo, nyumba ya nyasi na nyingine ya bati, zizi dogo, migomba michache. Jua lilikuwa kali na sikuwa nimekula. Wakubwa hawakuwepo uani. Ndani ya nyumba ya nyasi kulikuwa na mtu anakohoa kikohozi cha kizee, na kwa adabu ningeingia nikasema shikamoo. Sikuingia. Nilijiambia nitapita tena.

Watoto wawili walikuwa chini ya mgomba, msichana wa miaka tisa hivi na mdogo wake wa kiume. Msichana alikuwa na daftari, na juu ya daftari aliandika kwa herufi kubwa: Ghati Mwita, Darasa la III. Mbele yao walikuwa wamesimamisha mdoli. Nilipouona nilisahau njaa.

Ulikuwa urefu wa kiganja. Mtu wa vita, wa plastiki nzito ya zamani, si hii nyepesi ya siku hizi. Mkono wa kushoto ulikatika kwenye kiwiko. Magoti yalikuwa na viungo vya kukunja, lakini vilikuwa vimegoma, labda kwa moshi na mafuta, kwa sababu mwili mzima uling'aa mweusi kama kibuyu cha maziwa, ukinuka samli na moto wa kuni. Sijawahi kuona mdoli uliotunzwa hivyo. Nilifungua tenga nikatoa kigari chekundu chenye magurudumu yanayozunguka, nikakivuta chini kikakimbia peke yake. Yule mdogo alikikumbatia hapo hapo.

"Tubadilishane," nikasema. "Nipeni huyo askari."

Ghati alinitazama, akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameshaanza kukimbia na kigari.

"Huyu si askari," akasema. "Huyu ni tata."

Kwa Kikurya tata ni baba. Mimi ni Mkurya. Nililielewa neno, na nikacheka. Watoto wote hucheza baba na mama, au sivyo? Nikasema, "Basi tata anasafiri kidogo, atarudi." Nikamtia mfukoni na kupanda baiskeli.

Kuna jambo ambalo mtu wa kwetu hawezi kujifanya halijui. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba yake isizimike. Tunaiita nyumba ntobhu. Msichana yule anazaa, na watoto ni wa nyumba ile. Kuna kinamama ambao husema wamemwolea mtoto wao wa kiume, hata kama mtoto huyo hakuwahi kuzaliwa. Wanampa jina, na wajukuu wanaitwa kwa jina lake. Yote hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Niliona mji usio na viatu vya mwanaume mlangoni, nikasikia bibi anakohoa, nikasoma jina kwenye daftari, nikaambiwa huyu ni baba. Na mimi ninayeuliza mpaka mito inakotoka sikuuliza.

Niliuweka mdoli rafu ya kati, pamoja na askari wenzake. Kesho yake jioni niliporudi ulikuwa rafu ya tatu, mbele ya ng'ombe wa udongo, kama mtu anayehesabu mifugo ikiingia.

Nikadhani Mama Robhi amevunja mwiko wake akaingia kunifanyia mzaha. Nikaurudisha. Jioni iliyofuata, uko kwa ng'ombe. Nikauliza.

"Mimi?" Mama Robhi akasema. "Nikiingia kwako nitafuata nini, harufu ya soksi? Hao ni panya."

Panya wa kuhamisha mdoli bila kuangusha ng'ombe hata mmoja. Nikaamua kuchunguza. Nilinyunyiza unga wa muhogo juu ya mbao zote, laini kama vumbi, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda kazini. Niliporudi hapakuwa na nyayo za panya. Palikuwa na mistari miwili, sambamba, imenyooka katikati ya unga, ikishuka hata kwenye nguzo inayounganisha rafu, mpaka kwa ng'ombe. Ni alama ya mtu anayekwenda bila kuinua miguu, kwa sababu magoti hayakunjiki.

Ungefanya nini? Mimi nilifuta unga, nikapika ugali, nikala nikiwa nimeupa ukuta ule mgongo. Nilikuwa nimechoka sana siku ile, na uchovu nao ni aina ya ushujaa. Sikuurudisha tena. Nilijiambia, akipenda ng'ombe na akae na ng'ombe.

Zilipita wiki tatu hivi. Kisha ikaja siku ya mvua.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu njia zilikuwa tope tupu. Mlango ulikuwa wazi, nimekaa kwenye kigoda nanyoosha waya wa gari moja. Mwanga ukapungua, nikainua uso. Mtu alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa wa umri wangu, ana mabega mapana. Mkono wa kushoto wa koti lake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwenye kiwiko, hamna kitu ndani. Nilimwonea huruma, maana machimboni tunaona wengi waliopoteza viungo. Uso wake uling'aa kama umepakwa mafuta muda huo huo. Mvua ilikuwa inamwagika nyuma yake kama maji ya ndoo, na yeye alikuwa mkavu. Hilo nililiona, nakuapia, ila akili ililiweka pembeni ilishughulikie baadaye.

"Hodi," akasema.

"Karibu ndani. Kaa hapo kitandani, samahani, kwenye godoro."

"Sikai. Miguu yangu haikai."

Akaingia. Hakuinua nyayo. Akasimama mbele ya rafu ya tatu, mgongo kwangu, na chumba kikajaa harufu ya moshi wa kuni na samli. Nikammiminia chai kwenye kikombe, akakipokea kwa mkono wa kulia na kukishika tu.

Kuna jambo moja nilishindwa kulielewa mapema. Kiswahili chake kilikuwa cha ajabu. Hakuwa na neno hata moja la wanaume, la vijiweni au machimboni. Alisema kama watoto wanavyosema, na kama kinamama wanavyosemezana jikoni. Kana kwamba maisha yake yote alikuwa amesikiliza mahali pamoja, karibu na mafiga.

"Hawa wote wana mama zao?" akaniuliza, akionyesha rafu kwa kidevu.

Nikacheka kidogo. "Hao ni wa plastiki, ndugu yangu. Mama yao ni kiwanda."

"Uliuliza?"

Mvua iliongezeka.

"Mimi naitwa Mwita," akasema. "Kwetu ni Nyambureti. Mama ameacha kula. Jana Bhoke, mama wa watoto, alimpa uji, ukatoka wote kwenye shuka. Mama anauliza tata wa watoto amekwenda wapi, watoto wananyamaza."

"Pole sana. Sasa si uende? Mvua ikipungua nitakuitia bodaboda."

"Pikipiki siwezi. Miguu haikunjiki." Akageuka taratibu, mwili mzima kwa pamoja, kama mlango unavyogeuka. "Mama akifa, wa kwanza kutupa udongo ni mwanawe. Alisema hivyo mbele ya wazee siku aliyotoa ng'ombe. Alisema, mimi siingii ardhini kama mwanamke asiye na mtoto. Asiponiona, watamfukia bila mimi. Atakuwa hakuwa na mtoto."

"Lakini wewe ni mtu mzima, nani amekuzuia huku?"

"Sikuja huku," akasema kwa upole. "Nililetwa."

Hata hapo nilikuwa bado natafuta maelezo mengine. Mama Robhi akapita nje amejifunika mfuko wa mbolea, akachungulia.

"Una mgeni? Habari zako, baba."

Na mwanaume yule mwenye mabega kama mlango akainamisha kichwa kama mtoto wa chekechea, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Mama Robhi akajibu, akanitupia jicho na kuendelea na njia yake.

Mgeni aliweka kikombe kwenye rafu. "Usikawie," akaniambia, na akatoka. Nilisimama mlangoni nikamwona anakwenda kwenye barabara ya darajani, katikati ya mvua, miguu imenyooka, mpaka mvua ikamfunika.

Niligeuka. Kikombe kilikuwa kimejaa vile vile nilivyokimimina. Kando yake alisimama mdoli, amewapa mgongo ng'ombe wake, anatazama mlango. Miguu yake ya plastiki ilikuwa na tope jekundu, bichi, hadi kwenye magoti.

Mama Robhi alirudi baadaye kuuliza swali moja tu: "Yule mgeni wako mbona hakulowa?" Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa nje ya kizingiti, kisha akasema, "Mpeleke kwao leo. Mimi ni mtu wa kanisani, hayo mambo siyaamini. Mpeleke leo."

Sikumpeleka siku ile. Hili ndilo linaloniuma, na silifichi. Nilisema njia ni mbaya. Kesho yake nikasema lazima nipeleke mzigo wa vyuma kwanza. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika pale na kuonekana mwizi wa watoto, na pia, utanicheka, nilikuwa siwezi kuvumilia rafu ile bila yeye. Nilikaa naye siku mbili, amenipa uso, anatazama mlango. Chai iliota utando kwenye kikombe. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta sakafuni, amelala kifudifudi kwenye kizingiti, mkono wake mmoja umenyooshwa mbele. Nikamfunga kifuani kwa shati na kupanda baiskeli.

Nilipofika Nyambureti nilikuta turubai limefungwa uani na watu wengi wamekaa chini yake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya nyumba ya nyasi, na jeneza limeshashushwa. Lakini hakuna aliyekuwa anafukia. Juu ya kifusi cha udongo alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koleo limelala mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Huyo ndiye Bhoke, aliyeolewa na bibi yule. Marehemu aliitwa Bibi Wankuru.

Mzee mmoja wa ukoo alikuwa ameshachoka kubembeleza.

"Bhoke, jua linashuka na mvua ile kule inakuja. Mjukuu yupo, ni wa kiume. Atupe udongo tumalize."

"Mjukuu atatupa wa pili, baba," Bhoke akajibu. "Mimi niliahidi."

"Uliahidi kumsubiri nani? Mwanaume ambaye hata aliyemzaa hajawahi kumwona?"

"Alimwona kila siku. Hata mimi nilimwona. Nilimpakulia."

Watu wakanong'ona. Hapo ndipo Ghati aliponiona na baiskeli yangu. Hakupaza sauti. Alimwendea mama yake akasema, "Ndiye huyu aliyeondoka na tata."

Uwanja mzima ukageuka. Nilisema shikamoo kwa wazee, wachache wakaitika. Nikafungua vifungo vya shati nikamtoa. Nilikuwa nimemsafisha tope, lakini nilipomtoa miguu ilikuwa na tope tena.

Mzee alinyoosha shingo. "Hicho ndicho tulichokuwa tunasubiri?" Kijana mmoja akaguna kicheko, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Bhoke alisimama. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nayataka, yangenipunguzia.

"Umemkawiza," akasema tu. "Mama alimtafuta siku tatu kwa mkono ukutani. Mpaka kucha zikaingia udongo wa nyumba."

Nikamnyoosha mdoli mbele yake. Ningesema nini?

"Haya, amefika," mzee akasema. "Ana mkono mmoja na magoti ya mti. Anatupaje udongo?"

"Aliyembeba kumwondoa," Bhoke akasema, "ndiye atakayembeba kutupa."

Basi nikasogea kwenye ukingo. Nilimsimamisha kwenye kiganja cha kulia, nikakiingiza kiganja kwenye kifusi ili mkono wake uguse udongo kabla ya wangu. Udongo ulikuwa mzito na baridi. Nikanyoosha mkono juu ya shimo na kutupa. Mkono wangu ulikuwa umelowa jasho. Niliusikia udongo ukianguka, na katikati ya mlio ule nikasikia mlio mwingine mdogo, kama kifungo kinachoanguka mezani.

Kiganja kilikuwa kitupu.

Nilitaka kupiga magoti nimfuate. Niamini, nilijaribu. Magoti yangu hayakukunjika. Nilisimama pale kama nguzo, nimeinamisha shingo tu, namwona kwenye ubao wa jeneza, amelala chali, uso wake unang'aa, mkono wake mmoja juu. Kisha mjukuu akatupa udongo wake, na wazee wakafuata, na hakuna aliyesema lolote. Nadhani wengine walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Baada ya maziko Bhoke alinipeleka ndani ya nyumba ya nyasi. Magoti yaliniachia taratibu nilipokaribia mafiga. Akanionyesha nguzo ya katikati, penye kibao kidogo cheusi kwa moshi, mahali pake mdoli.

"Mama alimkuta mfukoni mwa koti la mtumba, mnadani," akaniambia. "Mwezi ule ule alionioa. Si mila kuweka mdoli, usije ukawaambia watu kwamba Wakurya tunafanya hivyo. Ilikuwa yake mwenyewe. Alisema, nimempa jina, sasa nimempata na mwili. Siku ile watoto walimshusha kucheza mimi nikiwa shambani. Hawana kosa."

"Nitawaletea mwingine," nikasema. "Ninao wengi, wazima, wana mikono yote."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwingine wa nini? Aliyetupa udongo wa kwanza si wewe, na watu wote wameona?"

Ghati akaingia na kikombe cha maziwa ya mgando. Akapiga goti, akakinyoosha kwangu. "Tata," akasema, "maziwa."

Nikayapokea. Nilikuwa na kiu.

Tangu siku ile misimu miwili ya mvua imepita. Nimejaribu kuondoka, usidhani sikujaribu. Nilienda Sirari nivuke nitafute kazi ng'ambo kwa Wakenya, na kabla sijafika kwenye kizuizi cha mpakani magoti yakagoma, nikashushwa kwenye pikipiki kama gogo, watu wakidhani nimepooza. Nilijaribu njia ya Mwanza, ikawa hivyo hivyo. Hospitali walinipiga picha wakasema mifupa ni mizima. Lakini nikigeuza baiskeli kuelekea Nyambureti, miguu inakunjika laini kama ya kijana, na naweza kukanyaga mpaka darajani bila kupumzika.

Kwa hiyo naenda, kila baada ya wiki mbili. Mimi na Bhoke si mume na mke, usiwaze hayo. Ana maisha yake na hajawahi kuniomba kitu. Nakaa chini ya nguzo. Watoto wananisomea madaftari yao, mimi niliyeishia la tano. Shuleni walipoita wazazi nilienda, mwalimu akaniuliza jina, Ghati akajibu kabla yangu. Nikasaini Mwita. Jina langu mwenyewe sasa analitumia Mama Robhi tu, na naye husahau.

Na rafu zangu? Bado zipo Kerende, ila hazipendezi tena. Swali la yule mgeni halinitoki: hawa wote wana mama zao? Nimebandika karatasi chini ya kila mmoja, nikaandika nilimtoa kijiji gani na kwa nani, kadiri ninavyokumbuka. Nikiwa njiani nabeba wawili watatu, nabisha hodi, nauliza kama kuna anayewafahamu. Wengi wananiona mwendawazimu. Lakini Matongo mama mmoja alimchukua roboti asiye na kichwa, akaingia naye ndani bila kusema neno, akafunga mlango. Rafu ya juu imeshabaki tupu. Ya kati wamebaki wachache, na jioni nikirudi nawakuta wote wametazama mlango.

Nakuomba jambo moja, wewe unayesoma, hasa kama unapenda kuokota na kupanga vitu vizuri ukutani. Mtoto akikupa kitu na kukutajia jina lake, usicheke. Ingia ndani, hata kama jua ni kali na una njaa. Sema shikamoo kwa anayekohoa, kisha umuulize huyu ni nani. Mimi maisha yangu yote niliuliza kila kitu, nikachosha watu kwa maswali. Sikuuliza siku moja tu.